Pete ya Siwema

Mtu yeyote ambaye ugonjwa wake huamshwa na chakula hakuruhusiwa siku hizo kutembea bila pete ya hospitali. Siwema alikuwa na soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi, na pete yake ilikaa mkono wa kulia. Akigusa tu kitu cha mafuta, ilipaza sauti kama mwalimu mkuu: "Siwema, viwiko vitatoka magamba!"

Siku alipopelekwa kwa mama mkwe mtarajiwa, Bi Mwanakheri, alipakuliwa pilau ya ng'ombe inayong'aa mafuta. Chakula cha ukweni hakikataliwi. Siwema akauficha mkono wa kulia ndani ya kanga, akafinyanga tonge kwa mkono wa kushoto.

Macho yote sebuleni yakamgeukia.

"Nuhu," Bi Mwanakheri akamwambia mwanawe, "huyu umemwokota wapi? Anakula kwa mkono wa chooni!"

"Nisamehe, mama," Siwema alinong'ona, machozi yakimlenga. "Pete yangu ina mdomo. Niliogopa itanitangaza, mkanirudisha kwetu."

Bi Mwanakheri akaangua kicheko. "Ndilo hilo tu, mwanangu? Hebu lete mkono nimwone huyo mmbea."

Akaushika. Pete ikatulia kidogo, kama inayosikiliza mapigo.

"Mama," ikasema kwa upole, "damu yako imejaa mafuta. Hospitali imeshapata jina lako. Pete yako itafika kesho."

Nuhu akaivuta mikono yake taratibu, akaikalia.