Kona ya Korido

Siku hizi nyumba haijengwi bila ramani ya akili mnemba. Yetu ilituuliza maswali mia mbili, na moja lilikuwa hili: je, kuna atakayefia nyumbani? Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale, akichambua mchele. Ningejibu ndiyo vipi? Huo ni uchuro. Nikajibu hapana, na mashine ikaibana korido ili jiko liwe kubwa.

Mama alifia chumbani kwake. Jeneza halikupita kwenye kona, na ukuta hauvunjwi bila kibali cha mashine hiyo hiyo. Wanaume wakamtoa dirishani na sanda yake, kama godoro. Mume wangu, Shekue, aliniuliza mara moja tu, "Uliijibu nini ile mashine?" Nikaenda kulifunga dirisha.

Baada ya arobaini, mashine ikataka tuyapitie majibu upya ili irekebishe nyumba. Tulikaa mezani, binti yetu Nasra katikati. Tulipofika kwenye lile swali, Shekue akasema, "Safari hii sema ukweli."

Nikajibu ndiyo.

Yakatokea majina yetu matatu, na chini yake neno moja: chagua.