Mtoto Apite

"Mtoto apite!" Ngazi alipaza sauti, akamnyanyua mwanawe wa miaka mitano juu ya vichwa vya watu.

Mikono ikampokea, ikampa mikono mingine. Jezi ndogo ya zambarau ikateremka juu ya umati kuelekea uwanjani, sauti yake ikisikika bado: "Baba, nakuona! Baba, niko juu!" Mtoto huyo walimwita Redio, maana akiamka asubuhi hazimiki mpaka alale.

Ndivyo walivyofanya mashabiki wa uwanja ule mkongwe tangu enzi za baba zao. Watu wakibanana jukwaani, watoto hupitishwa juu kwa juu mpaka kwenye nyasi, wakakaa karibu na kibendera cha kona. Mpira ukiisha, kila baba anashuka kumchukua wake.

Ngazi mwenyewe alipitishwa hivyo utotoni. Mzee wake hakuchoka kuisimulia siku ile: umati ulivyofurika, watu walivyoangukiana, na alivyomkuta ameketi pale konani, uso rangi tupu, kimya. "Kona ile haijawahi kubakiza mtoto hata mmoja," alimalizia kila mara. Ajabu, tangu siku hiyo Mzee hakukanyaga tena uwanjani. Na marehemu mama yake Ngazi, akisikia hadithi hiyo imeanza, alitoka kwenda kuanua nguo, hata kama ndiyo kwanza amezianika.

Leo ilikuwa mechi ya mwisho kabla uwanja haujabomolewa. Asubuhi mkewe alimpaka Redio uso, nusu zambarau, nusu nyeupe, kama watoto wote wa timu yao, huku amenuna.

"Nakwambia kabisa. Ukirudi bila mwanangu, usirudi."

"Aah, mke wangu, nawe! Kule si ndiko nilikokulia?"

Dakika chache kabla ya mpira kuisha, geti la nyuma likang'oka. Waliokuwa nje wakaingia kwa mkupuo. Ngazi alikuwa fundi wa kuchomelea, pande la mtu. Kwao wote wafupi, majirani wakitania kwamba huyu peke yake alitiliwa mbolea. Lakini sasa miguu yake haikugusa chini. Kifua kikabanwa. Jirani yake, aliyekuwa akiimba muda wote, alikuwa anamwita mama yake.

Hofu ikamshika, ile inayokausha mate. Hakuihofia roho yake. Aliitafuta kona kwa macho, akaona vumbi tupu.

"Redio! Redio!"

Hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Alisukuma, akasukumwa, akapoteza kiatu. Alikanyaga kitu laini, akaogopa kutazama chini. Nipe mtoto, Mungu wangu, aliomba. Nipe mtoto tu, sitakuomba kingine.

Hatimaye alifika kwenye nyasi. Kibendera kilikuwa kimelala chini. Kando yake alibaki mtoto mmoja tu, jezi ya zambarau, uso umejaa rangi, vumbi na machozi. Alipomwona Ngazi alinyoosha mikono yote miwili.

Ngazi alimnyakua, akamfumbata kifuani, akatimua mbio. Hakusimama mpaka mtaani kwao. Njia nzima alilia bila aibu, mtu mzima na kiatu kimoja.

"Sema kitu basi, Redio. Leo betri zimekwisha?"

Mtoto alimkaza shingo tu.

Mkewe alikuwa mlangoni. Alimpokonya mtoto bila hata salamu, akamkalisha kwenye beseni uani na kuanza kumwosha uso. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, akitazama. Ngazi akaegemea ukuta, akajikuta anacheka peke yake.

"Si nimemleta? Nilikwambia nitamleta!"

Maji yakageuka zambarau. Kisha mkewe akaacha kuosha. Kitambaa kikamdondoka.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ndogo, "huyu mtoto wa nani?"

Ngazi akainama kutazama. Uso ule hakuwahi kuuona maishani mwake. Mtoto naye alimkodolea macho, midomo ikimtetemeka.

Akageuka ghafla akimbilie uwanjani, na kiatu chake kile kimoja, lakini Mzee alikuwa amekwisha kuinuka. Alimshika mkono.

"Kimbia, mwanangu, usingoje. Mimi nilingoja kukuche, na kulipokucha sikumkuta mtu." Akamwachia mkono. "Mama yako naye aliniuliza hivyo hivyo, siku niliyokuleta wewe."