Mikono Kwenye Ukoko

Mimi siibiwi ukoko nikanyamaza. Niliuacha sufuriani, wa wali wa nazi, nikaenda sokoni. Niliporudi umekwanguliwa mpaka sufuria inang'aa.

"Labda paka," akasema mume wangu, Shekue.

"Paka anafunika sufuria?"

Siku hizi kila simu ina jicho lile lililokuwa la polisi peke yao. Ukilielekeza kwenye kitu, linaonyesha kila mkono uliokigusa ndani ya siku arobaini, na jina la mwenyewe. Nikamulika mfuniko. Juu ya mkono wangu ulitokea mwingine, mwembamba: wa mama mkwe, Bi Mwanahawa, anayedai hana meno hata ya kutafunia ndizi.

Nikamfuata chumbani na ushahidi wangu.

"Shikamoo, mama. Hebu tazama hapa."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, kisha akatoa simu yake chini ya mto. "Na wewe tazama hapa."

Lilikuwa kasha lake la nguo. Mikono yangu ilijaa juu yake, hadi kwenye kufuli.

"Nilikuwa nafuta vumbi," nikasema.

"Na mimi nilikuwa naosha sufuria."

Tukafuta picha zote mbili. Jioni tulipika pamoja tukiwa tumevaa glavu, na Shekue akasimama mlangoni akitucheka. Ndipo nilipokumbuka kwamba yeye ana mwaka mzima anavaa zake, na kila nikimuuliza anasema ni baridi.

Baridi, hapa Tanga.