Siku Moja ya Utoto wa Nabii

Sheria yetu haina mzaha: hutoi ushahidi dhidi ya mtu mpaka uvishwe kumbukumbu ya siku moja ya utoto wake, na ukishavishwa, haitoki. Miaka sita Nabii Mwachiro alituweka sisi wafuasi wake kambini kwake, akatutenga na ndugu zetu, akatupiga. Nilikwenda kumshtaki.

"Usiende, mama Dzame," mume wangu alinisihi. "Utarudi naye humu ndani."

"Nisipokwenda, ataachiwa."

Wakanivisha. Nikawa mtoto wa miaka saba, nyuma ya mlango, nikisikiliza hatua za baba. Zikiwa nzito, amelewa: mpe kiti, msifu. Zikiwa nyepesi, ana hasira: lia kabla hajakugusa. Siku hiyo nilikosea. Alinichapa kwa waya pale uani, na majirani walikuwapo, wakichambua mchicha. Msiniambie hawakuona. Majina yao ninayo, na hakuna sheria inayowaita.

Nilimlilia yule mtoto. Kisha nikatoa ushahidi dhidi ya mtu mzima, akafungwa maisha.

Jana nilikuwa jikoni nikikuna nazi, mume wangu akarudi kutoka kazini. Kabla hajafungua mlango, hatua zake zilishaniambia kwamba amegombezwa, amechoka, na ananiogopa kidogo. Ndivyo Nabii alivyokuwa akitusoma sote. Papo hapo nikajua neno la kumwambia, ambalo baada yake angenitii kwa lolote.

"Mbona kimya, mama Dzame?"

Nikaendelea kukuna. Neno nililimeza, lakini lilikuwa tamu.