Fisi na Vyoo vya Muhanga

Kisa hiki nakijua kuliko wanyama wenyewe. Anayebisha akamuulize Fisi.

Fisi alikuwa mganga wa tumbo. Kila masika wanyama waliharisha, naye akawanywesha mizizi. Waliopona walimsifu, waliokufa hawakulalamika. Mwaka mmoja Muhanga, fundi wa kuchimba, akachimba vyoo mbali na bwawa, akawasihi wote wavitumie. Masika yakapita bila hata mmoja kushika tumbo.

Ukafika mkutano wa kumchagua mkubwa wao. Fisi akasimama, kifua mbele.

"Mimi nimeponya arobaini! Haya, Muhanga, wewe umemponya nani?"

"Sijamponya mtu," akajibu Muhanga.

Wakacheka mpaka wakagaragara. Ukubwa akapewa Fisi, na amri yake ya kwanza ikawa vyoo vifukiwe, kila mmoja arudi kujisaidia kando ya bwawa kama zamani. Vikafukiwa siku hiyohiyo.

Sasa, desturi ya pale ni kwamba mvua mpya ikinyesha, mkubwa ndiye anayekunywa kata ya kwanza bwawani, wote wakimtazama. Kwa utamu wa cheo Fisi alisahau. Wingu lilipotanda, akakumbuka.

Muhanga alimkuta anafukua vyoo kwa kucha zake, jasho linamtiririka.

"Mheshimiwa mganga, si mizizi unayo?"

"Nipishe!"

"Na vyoo vimemponya nani? Uliuliza mwenyewe."

"Wee Muhanga, hebu chimba upande ule!" Fisi akafoka. "Nani kakwambia nataka kuponywa? Mimi nataka nisiugue!"