Mbio za Wazazi na Walimu

Emiliana, ambaye wazazi walimchagua kuwa mwamuzi, aliweka filimbi mdomoni kisha akaitoa.

"Mwalimu, umesahau sheria yako. Asiye na raba nyeupe anakimbia peku."

Mwalimu wa michezo alitazama viatu vyake vyeusi vya ngozi, alivyovaa kwa ajili ya wageni. Akatabasamu. "Mama, sheria ile ni ya watoto."

"Najua. Mmoja ni wangu."

Binti yake alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele, bendeji imefika kifundoni. Mwiba wa mbigili ulimkatikia unyayoni, mguu ukatunga usaha, na bado mwalimu akamzungusha uwanja.

Mwalimu aligeuka kutafuta wa kumtetea. Wazazi wote mstarini walikuwa wameshavua viatu. Hakuna aliyemtazama.

Akainama, akafungua kamba taratibu. Nyayo zake zilikuwa laini kama unga wa ngano uliokandwa. Mbele yake mbigili za kiangazi zilikuwa zimetapakaa kwenye vumbi jekundu.

"Mizunguko mingapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Emiliana alimwendea binti yake, akamvisha filimbi shingoni.

"Muulize huyu."