Taa ya Mlangoni

Kila mlango mtaani kwetu una taa inayosoma moyo wa mwenye nyumba. Mgeni akipiga hodi, ikiwaka kijani anatakiwa, ikiwaka nyekundu hatakiwi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkasi, hatofautishi rangi hizo mbili tangu azaliwe, kwa hiyo miaka yote amekuwa akiingia tu na bakuli lake la vitumbua, taa ikiwa nyekundu juu ya kichwa chake.

Simchukii. Nimechoka. Nikitoka kazini sitaki kumwona mtu, hata mume wangu, na taa haijui kutofautisha uchovu na chuki.

Jana fundi wa mtaa alikuja kuongeza maandishi kwenye taa. "Wasioona rangi nao wapate haki yao," alisema. Nani angebisha?

Leo Bi Mwanamkasi akapiga hodi. Nilisimama nyuma ya mlango nikijilazimisha kumtaka. Nilipofungua, alikuwa ameinua uso anasoma neno moja, kubwa, lililo wazi kabisa: HAPANA.

"Karibu, mama. Karibu sana."

Hakusogea. "Mwanangu, siku zote hizo ilikuwa inawaka rangi gani?"

"Kijani, mama."

Akanitazama, kisha akanikabidhi bakuli. "Haya. Vitumbua vingali vya moto."

Akavua ndala zake, akaingia. Siku zote huziacha zimeelekea ndani. Leo alikuwa amezigeuza, zinatazama barabarani.